Naomba msilitaje jina la kijiji chetu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hapa majuzi kuhusu makorongo wawili waliojenga kiota kijijini kwetu. Aliandika kwa nia njema, sina ugomvi naye. Alitusifu kwa kuwalinda ndege wale, kisha akashauri kijiji kitangazwe: kibao kiwekwe barabarani, mnara wa kutazamia ujengwe karibu na mti, na gazeti lako litume mpiga picha. Kwa bahati hakulitaja jina la kijiji. Naandika kukuomba na wewe usilitaje, hata kama unalijua, hata kama mwandishi wako amekwisha kunong'onezwa.

Mimi ndiye mwenye mti. Kiota kipo juu ya mvule uliosimama mpakani, kati ya shamba langu na kinamasi, na huyo msomaji hakuniuliza. Simlaumu sana. Wengi huandika "wanakijiji wanalinda kiota" kana kwamba mti wenyewe umeota hewani.

Nianze na ukweli, sifa nisizostahili zisije zikanifikia. Mvule ule sikuuacha kwa kupenda ndege. Marehemu mume wangu alikuwa ameshapatana na mpasua mbao, kamba ya kupimia ilishazungushwa shinani mara mbili, alama ya chokaa ikapigwa. Mume wangu akafariki kabla msumeno haujaja. Nikakaa ndani, na mpasua mbao, kwa adabu zake, akasubiri. Nilipotoka na kushika tena jembe, juu ya mti kulikuwa na rundo la vijiti pana kama kitanda, na juu ya rundo amesimama ndege mwenye miguu mirefu, ananitazama kana kwamba mgeni ni mimi. Nikamwambia mpasua mbao aje baada ya mavuno. Alipokuja kulikuwa na makinda. Nikamwambia aje mwakani. Huu ni mwaka wa tano namwambia aje mwakani, na ile chokaa imeshafutika.

Kwa wasiowajua, hawa si wale wenye upara na mfuko shingoni wanaozurura majalalani. Hawa ni weusi kwa weupe, wenye domo refu jekundu lililovishwa mshipi mweusi katikati, na juu ya domo, karibu na paji la uso, kipande cha njano mfano wa tandiko la punda. Akisimama anakaribia mita 1.5. Akikunjua mabawa, kutoka ncha hadi ncha ni mita 2.4 au zaidi, na hapo ndipo unapoona weupe wote aliokuwa ameuficha. Miguu ni myeusi, ila pale kwenye kiungo cha kati, tunapopaita goti, pana wekundu wa waridi, utadhani alipiga magoti kwenye udongo akasahau kujipangusa.

Miaka miwili ya mwanzo kijiji kizima tulibishana yupi dume na yupi jike. Mmoja alikuwa mkali. Kunguru hakanyagi, na hata tai akipita juu yeye husimama akanyoosha shingo. Tukamwita Mzee. Siku mwalimu wa sayansi alipoleta darubini yake, nikadai zamu ya kwanza ya kutazama, kwa haki ya mwenye mti. Nikayaona macho ya Mzee: ya njano, njano kavu kama shaba iliyosuguliwa kwa majivu. Kisha akatua mwenzake, mkubwa kidogo, macho ya kahawia, na chini ya domo vinaning'inia vijinyama viwili vya njano vidogo kama ncha ya kidole. Mwalimu akafungua kitabu chake, akacheka peke yake, ndipo akatuambia: mwenye macho ya njano ni jike. Kumbe Mzee ni mama. Jina lilikuwa limeshakaa, hatukulibadili. Ukipita kwetu ukasikia watu wanaambiana "Mzee anaatamia leo," usishangae.

Sasa, huo ulinzi wenyewe. Watu hudhani tunakaa chini ya mti tukitazama juu. Hakuna anayekaa chini ya mti. Kituo chetu ni kichuguu kilichoko hatua kama 250 kutoka shinani, na kazi ya aliye zamu ni kuhakikisha hakuna anayevuka hapo, yeye mwenyewe akiwamo. Watu wawili asubuhi, wawili jioni. Kuna daftari la mistari, kalamu imefungwa kwa uzi ili isipotee, na inapotea. Nakunukulia siku moja, kwa mwandiko wa shemeji yangu ambaye hapendi maneno mengi:

"Saa 1:10. Dume kaja na kijiti kirefu. Kimemshinda kupitisha kwenye matawi. Kakigeuza mara 3, kakiacha kikaanguka. Saa 1:40 kaja na kingine. Saa 3:05 Mzee katoka, dume kakaa. Wamegonga midomo. Saa 6 jua kali. Mzee kaja na maji kooni, kayamwaga kiotani. Saa 9 mbuzi wa jirani chini ya mti, nimewafukuza. Saa 12 hakuna jipya."

Kugonga midomo ni salamu yao. Ndege hawa ni kama mabubu. Wanapopokezana kiota hugonganisha domo la juu na la chini haraka haraka, ta-ta-ta-ta, mlio wa mtu anayepiga ubao kwa fimbo mbili. Asubuhi yenye utulivu naisikia nikiwa mlangoni kwangu, na najua zamu yao imebadilishwa hata kama yetu imechelewa.

Na hilo la maji usilipite haraka. Siku za jua kali mzazi hushuka kinamasini, akajaza koo, akarudi na kuyamwaga juu ya mayai au makinda, kama mama anavyomwogesha mtoto kwa kiganja. Mara ya kwanza nilidhani anatapika kwa ugonjwa. Chakula nacho hukileta kooni hivyo hivyo: samaki, vyura, hata kaa. Akimkamata kambare humtoa kwanza majini, akaivunja ile miiba ya mapezi, akammeza kwa kutanguliza kichwa, kisha akarudi kunywa maji kidogo. Makinda hawalishwi mdomoni. Mzazi humwaga samaki kwenye sakafu ya kiota, wao waokote. Wanachokidondosha kinaanguka shambani kwangu, na sasa unaweza kukisia harufu yake saa nane mchana.

Muda ni mrefu, na hili watu wa mjini hawalihesabu. Kuatamia ni siku 30 hadi 35. Makinda hukaa kiotani siku 70, na wengine hufikisha 100. Jumlisha: tunakaa kichuguuni siku 100 kwa uchache, na mwaka wa taabu 135. Kuna msimu wa kulima humo ndani, kuna misiba, kuna homa. Zamu imewahi kushikwa na bibi wa miaka zaidi ya 80 ambaye haoni kiota kabisa, lakini mgeni akikohoa njiani anamsikia.

Nieleze basi kwa nini ninakuwa mkali kuhusu jina. Mwaka juzi kijana mmoja aliyekuja msibani alimpiga Mzee picha akiwa kiotani, akaitia mtandaoni na jina la kijiji, na njia ya kufika. Picha ni nzuri, ninayo. Wiki ya pili likaja gari. Wiki ya tatu yakaja matatu. Walikuwa watu wa heshima, wanasalimia, wanauliza hali za wazee. Kila mmoja alitaka asogee kidogo tu kuliko mwenzake aliyetangulia.

Aliyekuja na droni alikuja Jumamosi. Akanipa shikamoo, akaomba kusimama shambani kwangu, nikamruhusu. Hakuniambia mfukoni mwake mna nini, nami sikuuliza. Saa nne na nusu kitu kile kikapaa, mlio kama wa nyigu aliyefungiwa kwenye debe. Makinda walikuwa wawili, wa siku chache tu, vichwa tulikuwa tumeviona juzi yake. Mzee akasimama, akafungua mabawa, akagonga domo mara mbili, kisha akaruka. Akaenda kusimama ng'ambo ya kinamasi, akatutazama. Dume akaja na samaki kooni, akazunguka juu mara moja, naye akaenda kusimama na mwenzake.

Kinda mdogo wa korongo hana kivuli kingine ila mwili wa mzazi. Saa zile Mzee husimama mgongo ukiwa juani, mabawa nusu wazi, watoto chini yake, na husogea jua linavyosogea. Siku ile kiota kilikuwa wazi kama sinia. Nikapiga kelele na kupunga mikono. Yule kijana akadhani nafurahia, naye akanipungia. Alipoishusha mashine yake ilikuwa saa sita kasoro. Akaniambia amepata picha safi sana na ataniletea nakala. Mzee alirudi saa tisa.

Siku ya tatu nikamkuta kinda chini ya mti. Alikuwa mwepesi, manyoya laini meupe, domo fupi jeusi lisilo na hata dalili ya wekundu, macho yamefumba. Alienea kwenye viganja vyangu viwili. Siwezi kuapa kuwa ni jua la Jumamosi lililomuua. Makinda hufa kwa mengi, na korongo humtupa nje aliyekufa. Ninachojua ni kuwa walikuwa wawili na akabaki mmoja. Aliyekuwa na daftari aliandika maneno sita: "Kinda 1 chini. Kinda 1 juu." Nikamzika pale pale, nje kidogo ya mizizi.

Hapa naona haya, lakini nisiposema mimi atasema jirani. Mtu aliyekuwa akiyapokea magari yale njia panda na kuyaongoza hadi shambani alikuwa mjukuu wangu mwenyewe, na hakuwa akifanya hivyo bure. Nilijua siku ya baraza, alipoinuka mbele ya wazee akasema mwenyewe kabla hajatajwa. Alitetemeka. Mwenyekiti akamuuliza, je, angejua kinda angekufa angefanya vile? Akajibu kuwa hakufikiria habari za kinda, alifikiria magari. Watu walicheka, na kicheko kile ndicho kilichomwokoa. Leo ndiye mkali kuliko wote pale kichuguuni, amewahi hata kumrudisha mwenyekiti. Ndiye pia aliyenionyesha kwenye simu kuwa Wamisri wa kale walimchora ndege huyu huyu katika maandishi yao, wakaitumia picha yake kuandika neno "ba", yaani nafsi ya mtu. Nikamwambia hao waliweza kumchora bila kumpandishia mashine.

Baraza lile ndilo lililotupa utaratibu tunaofuata. Matete ya kinamasi hayachomwi mpaka makinda waruke. Utupa hautiwi kwenye madimbwi, maana samaki aliyeleweshwa na dawa leo ndiye anayepelekwa kiotani kesho. Njia ya watoto wa shule ilihamishiwa upande wa pili wa shamba, inawapotezea dakika chache na wanalalamika kila siku. Kuni chini ya mvule ni marufuku, hata kwangu mimi.

Lakini jambo kubwa lililopita siku ile wageni hawalijui. Chini ya matawi ya mti ule hakuna mmea unaoinua kichwa. Samadi ya ndege ikiwa kidogo ni neema, ikiwa nyingi inaunguza, na mistari yangu kumi ya karibu na shina ilikuwa imebabuka meupe kama iliyomwagiwa chokaa. Nikasimama nikawauliza: mnasifiwa ninyi, ninayepoteza mistari ni mimi, mpaka lini? Kukawa kimya. Kisha mwanamke mmoja, ambaye hata hatupatani sana, akasema kuna kipande cha ardhi ya kijiji kimekaa tu karibu na kisima, nipewe hicho nilime kwa muda wote ambao kiota kitakuwapo. Kikapitishwa. Asubuhi ya tatu walikuja wanawake na majembe yao, wakakilima hadi saa tano, wakaenda zao. Mhariri, mvule wangu umesimama hadi leo kwa sababu ya asubuhi ile. Mpasua mbao angali jirani yangu, na kipimo chake bado anacho.

Sasa nimrudie msomaji. Alitaja vijiji vya Ulaya vinavyojitangaza kwa makorongo na kupata wageni. Ni kweli vipo, mwalimu amenisomea. Kuna Čigoč huko Kroatia, kilichotangazwa mwaka 1994 kuwa kijiji cha kwanza cha makorongo barani Ulaya, na Rühstädt huko Ujerumani kilichopewa heshima hiyo mwaka 1996. Ila ndege wa kule ni korongo mweupe. Huyo kazoeana na binadamu kwa karne nyingi. Hujenga juu ya mapaa, juu ya mabomba ya moshi, juu ya nguzo za umeme. Mikokoteni inapita chini, kengele zinalia, yeye anagonga domo lake. Ndiye huyo huyo anayekuja huku Afrika kwa makundi, kuwafuata panzi na nzige, kwao kunapoingia baridi. Mwekee huyo mnara, hatajali. Wa kwetu hapendi paa. Hutafuta mti mrefu ulio peke yake karibu na maji, wanaishi wawili wawili, na hata wa aina yao hawataki wawe jirani. Tukimjengea mnara kando ya mti, msimu ujao tutakuwa na mnara tu.

Kama ni mfano, mimi ningeuchukua wa Assam, India. Huko kuna korongo mkubwa mwenye kichwa kitupu, wanamwita hargila. Hujenga kwenye miti ya watu binafsi, kama wangu, na wenye miti walikuwa wakiikata kwa sababu ya harufu na uchafu, na kwa kuwa walimhesabu ndege wa nuksi. Mwaka 2007 mtafiti mmoja, mama aitwaye Purnima Devi Barman, alikuta mti wenye viota umeshakatwa na makinda wameanguka. Akayaweka kando masomo yake ya shahada ya uzamivu, akaingia vijijini. Alipozungumza na mwenye mti, alichekwa. Akahamia kwa wanawake. Leo wanawake hao ni maelfu, wanajiita jeshi la hargila, na katika vijiji vya Dadara, Pacharia na Singimari viota vimepanda kutoka 28 hadi zaidi ya 250. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulimtunuku mama huyo tuzo yake ya Mabingwa wa Dunia.

Kilichonivutia ni kuwa hutandaza nyavu chini ya miti, kinda akianguka adakwe. Nasi tumeiga. Mwaka huu, kabla makorongo hawajarudi kwenye kiota, tulifunga wavu chakavu wa samaki kwenye vigingi kulizunguka shina. Mpaka leo umedaka vijiti, majani, na kambare mmoja mzima aliyekuwa bado anachezesha mkia.

Utaniambia: mbona Dadara inatajwa duniani kote na ndege wanaongezeka? Ni swali zuri, nami nimelifikiria nikiwa zamu. Hargila wanakaa kwa makundi katikati ya nyumba za watu, na kule adui alikuwa shoka la mwenye mti. Kwa hiyo kelele za sifa zilisaidia, zilimfanya mwenye mti ajivunie. Hapa shoka limeshawekwa chini. Tunachoogopa sisi ni mguu wa mgeni, na mguu wa mgeni hufuata jina.

Simaanishi watu wasitazame ndege. Anayejua kiota mahali popote na akatazame, ila ndege mwenyewe atamwambia pa kusimama. Akiwa ameketi anajisafisha manyoya, umekaa vizuri. Akiinuka na kukunyooshea shingo, umeshapita. Akigonga domo na mwenzake hayupo, salamu ile si ya mwenzake, rudi ulikotoka. Picha ukipiga, iweke, ionyeshe wajukuu, ila usiandike ni wapi. Na hiyo mashine ya kuruka iache nyumbani.

Mwaka huu makinda ni wawili tena, wana siku kama 80. Wamekuwa wakubwa, rangi ya kijivujivu isiyo na mvuto, domo halijawa jekundu. Kutwa wanasimama ukingoni mwa kiota wanapiga mabawa, vijiti vinaruka. Jana mmoja aliinuliwa na upepo kiasi cha kimo cha mtu, akashangaa, akarudi chini kwa kishindo. Mjukuu wangu aliandika ukurasa mzima kuhusu tukio hilo na nusu yake haisomeki.

Kuna jambo la mwisho ambalo mpiga picha wako ni vyema alijue. Nyuma ya ghala la zamani la kijiji kuna korongo jingine, la mmomonyoko, lenye kina cha kutosha kumeza nyumba, lilichimbwa na mvua za miaka mingi. Watoto wetu wamefundishwa, na hakuna mtu mzima anayekiri kuwa ndiye aliyewafundisha, kwamba mgeni akiuliza korongo aelekezwe huko. Nimewaona watu wamesimama ukingoni, kamera shingoni, wakitafuta juu angani, halafu chini, halafu wakitazamana. Mwalimu wa Kiswahili anasema mtu anayeuliza "korongo liko wapi" amejibiwa sawasawa na hana haki ya kulalamika.

Jina langu na la kijiji nimeviandika kwenye karatasi ya pili, kama taratibu za gazeti lako zinavyotaka. Ukishazisoma, naomba karatasi hiyo ikae kabatini. Barua yenyewe naiishia hapa, zamu yangu inaanza saa kumi na kalamu ya kichuguuni imepotea tena, itabidi niende na hii.

Wako,
Mwenye mti